Bajeti ya Paka Zanzibar: Mshahara Unakwenda kwa Kalenda Moja, Samaki kwa Nyengine

Huku kwetu paka hanunuliwi. Asubuhi unafungua mlango wa uani unamkuta amekaa juu ya kifuniko cha ndoo, anakutazama kama kwamba wewe ndiye uliyechelewa. Siku ya kwanza unamtupia kichwa cha kibua. Wiki ya pili watoto wameshampa jina. Mwezi wa tatu anakohoa, na hapo ndipo unapogundua kuwa ulichokipata bure kina gharama ambazo hukuzipangia hata shilingi.

Doti aliingia kwetu kwa njia hiyo hiyo. Ni paka mweupe mwenye mabaka mawili yaliyofanana, moja mgongoni na moja ubavuni, kama kanga ambayo haijakatwa. Jina likaja lenyewe. Mwaka wa kwanza nilikuwa nikisema "ah, paka anakula nini huyu?" na kila mwisho wa mwezi pesa za sokoni hazitoshi, sijui zimekwenda wapi. Mwaka wa pili nikaweka daftari. Hesabu nitakazozitaja hapa zimetoka kwenye daftari hilo: Unguja mjini, paka mmoja mzima wa kilo 4. Bei zako zitakuwa nyengine, hasa ukiwa Pemba au shamba. Chukua mpangilio, tarakimu ujaze zako.

Hatua ya kwanza: gawa gharama kwa muda wake

Chukua daftari la skuli, lile dogo linatosha. Usiligawe kwa "chakula", "dawa", "vifaa". Ligawe kwa swali moja: pesa hii inatoka kila lini? Ukurasa wa kwanza vya kila siku. Wa pili vya kila miezi mitatu. Wa tatu vya mara moja kwa mwaka. Wa nne vya mara moja katika uhai wa paka. Wa tano andika "ghafla" na uuache mtupu, utajaa wenyewe.

Nasema hivi kwa sababu vya kila siku havimuangushi mtu. Mia tano leo, elfu kesho, unatoa huku unalalamika, maisha yanaendelea. Anayeangushwa huangushwa na zile pesa zinazokuja kwa pamoja, siku ambayo hakuzitarajia, na kwa kuwa alihesabu vya kila siku tu akadhani kazi imekwisha.

Kwa mwezi mmoja andika kila kitu, hata mia mbili ya dagaa uliyowapa watoto wakanunue. Usijaribu kubana matumizi mwezi huo. Unataka kujua ukweli kwanza.

Hatua ya pili: chakula, na hapa tukae kidogo

Wahenga wamesema paka hashibi kwa wali, matilaba yake panya. Methali hiyo tunawapiga nayo watu, lakini kwa paka mwenyewe ni elimu tupu ya lishe. Kuna kirutubisho kinaitwa taurini; mwili wa paka hauwezi kujitengenezea ya kutosha. Lazima aipate katika nyama na samaki, na akiikosa kwa muda mrefu macho na moyo vinaharibika. Kwa hiyo yule anayechanganya wali na rojo la samaki ili ajipunguzie gharama, anajaza tumbo la paka tu. Alichookoa ukurasa wa kwanza atakilipa ukurasa wa tano.

Paka mzima wa kilo 4 anahitaji takriban gramu 200 za samaki wa kuchemsha kwa siku, au gramu 50 hadi 60 za chakula kikavu cha dukani. Mimi nachanganya: kama gramu 140 za samaki, na gramu 20 za kile kikavu. Kikavu kina vitamini ambazo samaki peke yake hatoi. Mtu anayempa paka wake jodari kila siku mwaka mzima, kwa mfano, anamnyima vitamini E bila kujua. Na samaki wadogo kama dagaa wakiliwa wabichi siku nenda siku rudi wana kitu kinachovunja vitamini B1; ukiwachemsha kitu hicho kinakufa. Basi chemsha. Supu yake usiimwage, kwani taurini nyingine hubaki humo. Mmwagie paka juu ya chakula chake. Chumvi usitie, na mchuzi wa nyumbani usimpe: kitunguu maji na kitunguu thomu vyote ni sumu kwake. Maziwa nayo, pamoja na picha zote za paka na kibakuli, huwaharisha paka wengi wakubwa. Hiyo ni pesa ya maziwa umeokoa.

Sasa bei. Jambo lililonichukua muda kulielewa ni kwamba mshahara wangu unakwenda kwa kalenda moja na chakula cha Doti kinakwenda kwa nyengine. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Kukiwa na mbalamwezi taa haifanyi kazi, dagaa wanatawanyika, vyombo vinabaki pwani. Kwa hiyo kuanzia tarehe 12 au 13 ya mwezi mwandamo, mpaka kama 18, fungu linakonda na bei inanenepa. Wanaofunga zile siku nyeupe, 13, 14 na 15, wanazo kichwani. Mimi hufunga na kununua dagaa kwa hesabu moja. Tatizo ni kwamba mbalamwezi haikai mahali pamoja katika mwezi wa mshahara, kila mwezi inarudi nyuma kidogo. Ikiangukia tarehe 5, mfukoni kuna kitu. Ikiangukia tarehe 24, utamuelewa vizuri paka anapokulilia.

Kalenda nyingi za ukutani hapa Zanzibar zina tarehe zote mbili. Chukua kalamu nyekundu, zungushia siku za mbalamwezi kwa mwaka mzima. Kisha jiwekee kawaida ya kununua dagaa wakavu kabla ya tarehe 10 ya mwezi mwandamo. Dagaa wetu wa kukausha huchemshwa katika maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo usiwatoe kwenye mfuko ukamtilia paka. Waroweke saa nzima, umwage, uwaroweke tena. Maji ya kwanza yatatoka rangi ya chai kavu. Ya pili onja kwa ncha ya ulimi. Ikiwa bado unahisi bahari, mwaga urudie. Ndipo uchemshe.

Wakati wa kusi nao, hasa Juni mpaka Agosti, kuna siku upepo unakataza vyombo vidogo kutoka kabisa. Miezi hiyo naongeza kidogo kwenye kile chakula kikavu.

Kwa siku za kawaida nina mzee mmoja muuza samaki. Hunifungia mfuko wa vichwa na mikia kwa 1,000, nikifika mwendo wa saa nne, wateja wa samaki wazuri wameshaondoka. Siku moja nikafika meza nyeupe.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Leo samaki wote wamekwenda hotelini na vichwa vyao."

"Sasa paka nimwambieje?"

"Mwambie asubiri mwezi uzame."

Mteja wa kudumu ana faida, basi usihame hame meza kwa sababu ya mia mbili. Lakini harufu ikiwa imebadilika usinunue hata kwa bure. Joto letu halimsubiri mtu, na kichwa kilichokaa juani tangu alfajiri ni bili ya daktari ndani ya mfuko wa plastiki.

Filigisi na moyo wa kuku ni vizuri sana pale samaki anapokosekana. Maini mpe kidogo, mara moja au mbili kwa wiki, si zaidi. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, hupasuka vipande vyenye ncha.

Hesabu yangu ya mwezi: siku 24 za samaki kwa 1,000, ni 24,000. Siku 6 za mbalamwezi, dagaa wakavu wa 500 kwa siku, ni 3,000. Chakula kikavu gramu 600, duka ninalonunua mimi kilo ni 14,000, kwa hiyo 8,400. Jumla ya chakula 35,400.

Hatua ya tatu: choo

Hapa pesa ni ndogo. Nenda kwa fundi seremala na gunia, muombe maranda au unga wa mbao. Wengine watakupa bure, mimi humpa 1,000 kwa mwezi ili asinichoke. Muulize mbao hizo hazikupakwa dawa wala rangi. Mchanga wa pwani watu wengi wanaufikiria kwanza, lakini kuchota mchanga Zanzibar kuna sheria zake, na ule mchanga wa chumvi haukauki.

Toa kinyesi kila siku. Kuna kijidudu cha toksoplazma ambacho huanza kuambukiza kinyesi kikishakaa siku moja au zaidi. Nyumbani akiwepo mjamzito, kazi hiyo afanye mtu mwengine.

Hatua ya nne: chanjo, minyoo na viroboto

Kitoto cha paka huanza chanjo ya magonjwa matatu (homa kali ya matumbo ya paka na mafua yao ya aina mbili) kwenye wiki ya 8, kisha hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16. Chanjo ya kichaa cha mbwa hupewa kuanzia wiki ya 12, ikarudiwa baada ya mwaka. Jina la ugonjwa huu linawadanganya watu. Paka anaupata, na anakuuma wewe. Dalili zikishaonekana kwa binadamu, dawa hakuna. Kwa hiyo katika daftari langu mstari huu haukatwi hata mwezi uwe mgumu vipi.

Namna ya kupunguza ni hii. Chupa nyengine za chanjo zina dozi nyingi, na daktari wa mifugo akiifungua kwa paka mmoja zilizobaki hupotea. Zungumza na majirani watatu au wanne, mpangie daktari siku moja aje mtaani. Mnagawana nauli yake, na yeye anafungua chupa kwa moyo mweupe. Ukiwa Pemba, mbali na Chake Chake au Wete, njia hii ndiyo hasa. Pia muulizie sheha wako mapema kila Septemba: tarehe 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na kampeni za chanjo hupenda kufanywa karibu na siku hiyo.

Dawa ya minyoo ni kila miezi mitatu kwa paka mkubwa; kitoto hupewa mara nyingi zaidi. Kwa viroboto anza na kitana cha chawa na beseni la maji ya sabuni: unachana, unachovya, unaona vidoti vyeusi vinaelea. Inachosha lakini ni bure. Ukifika kununua dawa, iandikwe kwa ajili ya paka. Ya mbwa mara nyingi ina sumu ya wadudu iitwayo pamethrini, nayo huua paka. Ile ya kuogeshea ng'ombe, ambayo kila shamba inapatikana kwa bei nzuri, usiikaribie. Na kwa kuwa tumo humo: Panadol usimpe hata nusu. Kidonge kimoja kinatosha kumuua.

Kwangu kwa mwaka: minyoo mara 4 kwa 3,000, ni 12,000. Viroboto mara 4 kwa 5,000, ni 20,000. Chanjo ya kichaa 15,000, ya magonjwa matatu 30,000. Nauli za kwenda na kurudi, na paka ndani ya pakacha lililofungwa kanga juu, mara 4 kwa 4,000, ni 16,000. Jumla 93,000. Gawa kwa 12: 7,750 kila mwezi, unaziweka hata mwezi ambao huzihitaji.

Hatua ya tano: kumfunga uzazi

Nililipa 70,000 kwa Doti, na siku ile niliona nyingi. Tupige hesabu. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi mitano tu. Anabeba siku 63 hadi 65. Tuseme amezaa wanne. Kuanzia wiki ya nne wanaanza kula; mpaka wiki ya kumi na mbili, ambapo unaweza kuwagawa, ni siku 56. Wape 300 kila mmoja kwa siku, kwa ubahili kabisa. Wanne, siku 56: 67,200. Hapo hujatia dawa ya minyoo yao, wala chakula cha mama ambacho akinyonyesha kinaweza kufika mara mbili. Na anaweza kushika mimba nyengine kabla hawa hawajaacha ziwa. Mzao mmoja tu umeshalingana na bei ya daktari.

Dume gharama yake ya kuhasi huwa ndogo zaidi, na faida unaiona juu ya mapaa: anapunguza kupigana na mapaka shume, hivyo unapunguza vidonda vya usaha na sindano zake. Wapo wanaouliza hukumu ya sharia katika hili. Hilo muulize sheikh wako. Mimi nazungumza fedha tu.

Hatua ya sita: kibubu cha ghafla

Ijumaa moja baada ya magharibi Doti alikuja ukumbini anajipangusa mdomo kwa mguu wa mbele, anapangusa, anapangusa, haachi. Nikamfungua kinywa kwa tochi ya simu. Uzi mweupe wa mshipi ulikuwa unatoka chini ya ulimi, urefu wa kidole, umelowa mate. Kichwa cha changu nilichompa asubuhi kilikuwa na ndoana ndani, na mimi sikukikagua.

Mkono wangu ulikuwa umeshaushika uzi. Jirani yangu, bi mkubwa aliyekulia kwa wavuvi, akanidaka kiganja. "Usivute, mwanangu. Hujui upande wa pili umeshika wapi."

Daktari alinambia maneno hayo hayo baadaye kwa lugha ya kitaalamu: uzi ukivutwa unaweza kuchana koo au utumbo. Alipigwa sindano ya usingizi, ndoana ikakatwa kwa koleo, ikatolewa vipande viwili. Pamoja na dawa na gari ya usiku, 90,000. Mimi nilikuwa na 12,000. Zilizobaki nilikopa kwa dada yangu, ambaye ndio kwanza alikuwa kapokea zamu yake ya upatu, na zilinichukua miezi miwili kuzirudisha.

Tangu hapo kuna kibubu cha mbao juu ya kabati, 10,000 kila mwezi, kimepigiliwa misumari. Kikifika 120,000 nasimama, na kikifunguliwa naanza tena. Na kila kichwa cha samaki nakichemsha, nakivunja kwa mkono, napapasa ndani ya mdomo kabla hakijaingia kwenye kibakuli.

Kibubu kinakusaidia pia usingoje. Dume anayejikamua chooni na mkojo hautoki hana siku tatu za kusubiri mshahara. Anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Paka aliyekataa kula siku mbili mfululizo, mpeleke; ini lake huharibika kwa njaa upesi kuliko letu. Haya mawili yaandike nyuma ya jalada la daftari.

Hatua ya saba: jumlisha

Chakula 35,400
Choo 1,000
Fungu la mwaka 7,750
Kibubu 10,000
Jumla kwa mwezi 54,150

Nilipoiona mara ya kwanza nilifunga daftari nikalifungua tena. Ni kama 1,800 kwa siku. Ukiona huwezi, angalia pa kupunguza: kitanda chake kiwe kanga chakavu, kibakuli kiwe bati la zamani, mpira wa kuchezea aufanye gunzi la mahindi. Chakula kikavu unaweza kukiacha baadhi ya miezi kama unabadilisha samaki, moyo na filigisi. Chanjo na kibubu usiviguse. Na kama bado haifiki, na paka ni wawili au watatu, tafuta mapema wa kumpa mmoja, ungali na uchaguzi wa kumpa nani.

Hatua ya nane: sikukuu na safari

Huu ni mstari ambao karibu kila mtu anausahau. Unakwenda Pemba kwa Idi, siku tano, paka anabaki na nani? Tunaijua sote hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha akajitafutia vya ardhini. Basi usimfungie ndani na bakuli la wali ukasema atajitegemea.

Mimi nachemsha samaki wa siku zote, nawafunga vifurushi vya siku moja moja, naviweka kwenye friza kwa jirani. Mtoto wake wa darasa la tano ndiye mlishaji: 500 kwa siku, nusu kabla, nusu nikirudi, na kazi yake ni kifurushi, maji, na kunipigia kelele kwa simu ya mama yake paka asipoonekana. Jumla 2,500, nazitoa katika pesa za sikukuu, haziingii kwenye 54,150.

Mwaka uliopita upepo ulituchelewesha, tukarudi siku ya sita. Nilimkuta yule mtoto mlangoni, kampakata Doti, hata salamu hajamaliza: "Shikamoo. Ile ya leo mia tano, na kifurushi kilikwisha jana, nimempa samaki wangu mimi." Nikamlipa ya siku, nikamlipa na samaki wake. Kisha nikaingia ndani nikaandika ukurasa wa tano: ghafla, 1,000.